Sokoni kwa Ajili ya Mbwa: Safari ya Siku Moja Kutoka Nyamakima Hadi Kabete

Je, msomaji, mbwa wako alikula nini jana usiku?

Usiwe na haraka ya kujibu. Katika nyumba nyingi za mjini, kuanzia Buruburu hadi Kahawa, kuanzia Umoja hadi Ngong, mbwa hana chakula chake mwenyewe. Ana masalio. Ugali uliogandia sufuriani, mchuzi uliochacha, mifupa ya kuku aliyechinjiwa wageni. Na siku ambayo hapana kilichobaki, basi hulala hivyo hivyo huku akitarajiwa kubweka mwizi akipanda ukuta. Kukicha, mwenye nyumba humlaumu kwamba ni mvivu na analala sana.

Kwa upande mwingine wapo wale ambao wamesikia kwamba mbwa wa kisasa hula chakula cha mfuko kutoka supamaketi tu. Hao nao hununua mfuko wenye picha nzuri zaidi, bila kusoma hata neno moja lililoandikwa nyuma yake. Wote wawili, aliye na sufuria na aliye na mfuko, wana tatizo moja: hawajawahi kuuliza mbwa anahitaji nini.

Leo tunakualika kwa safari ya siku moja ndani na kando ya jiji la Nairobi. Huhitaji pasipoti wala sanduku la nguo. Unahitaji nauli ya matatu, kikapu, kalamu na kijidaftari. Wachukue na watoto, hasa wale walio shuleni, kwa maana kuna hesabu kidogo njiani, na kuna mambo ambayo hayamhusu mbwa peke yake bali afya ya nyumba nzima.

KABLA YA KUPANDA MATATU

Kwanza tuelewane kuhusu tumbo la mbwa. Mbwa ni wa ukoo wa mbwa-mwitu wa nchi za baridi, mnyama anayeishi kwa kuwinda. Lakini ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, akila alichokula binadamu, na mwili wake ukabadilika. Mnamo mwaka wa 2013, wanasayansi wa Sweden walichapisha utafiti uliolinganisha chembe za urithi za mbwa na za mbwa-mwitu. Waligundua kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za chembe inayomsaidia kusaga wanga. Kwa maneno mengine, mbwa wa nyumbani anaweza kunufaika na wali, ugali na viazi. Yule anayekwambia kwamba mbwa ni nyama tupu hajui, na yule anayedhani kwamba mbwa ni ugali mtupu hajui vilevile.

Kipimo kinachotumiwa sana na watengenezaji wa vyakula vya mbwa ni kile cha Marekani. Kinasema kwamba chakula cha mbwa mzima, kikiondolewa maji yote, kisipungukiwe na asilimia 18 ya protini na asilimia 5.5 ya mafuta. Kwa mtoto wa mbwa na kwa mama anayenyonyesha, protini ni asilimia 22.5 na mafuta ni asilimia 8.5. Andika tarakimu hizo katika daftari lako. Unga wa mahindi una protini chini ya asilimia 10. Sasa umeona kwa nini mbwa wa ugali mkavu ana manyoya yasiyong'aa, na kwa nini haponi kidonda upesi.

NYAMAKIMA: CHUNGUZA NAFAKA

Anzia Nyamakima, katikati ya jiji, asubuhi kabla jua halijawaka. Jina lenyewe ni la nyama ya kusaga, lakini utakachokutana nacho kwa wingi ni magunia ya nafaka: mahindi, mchele, maharagwe, ndengu, wimbi na mtama. Mikokoteni inapita huku wenyewe wakipiga mluzi ili upishe njia, na vumbi la nafaka linakuingia puani.

Hapa ndipo utakapoambiwa kuna "mahindi ya mbwa". Sikiliza vizuri kabla ya kutoa pesa. Mara nyingi maana yake ni mahindi yaliyonyeshewa, yaliyobadilika rangi, au yaliyoota kuvu, yakauzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa binadamu hayataki. Wahenga walinena kwamba rahisi inavunja upishi, na kwa jambo hili rahisi huvunja zaidi ya upishi.

Kuvu fulani inayoota kwenye mahindi na njugu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu ya kukutahadharisha, na haiishi kwa kupikwa. Hushambulia ini. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Huanza kwa kukataa chakula, halafu hutapika, macho na ufizi hugeuka manjano, na baada ya siku chache amekwisha.

Usidhani haya ni mambo ya mbali. Mwaka wa 1981, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, watu 20 walilazwa hospitalini kwa maradhi ya ini baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu, na 12 kati yao walifariki. Taarifa ya madaktari waliochunguza mkasa huo ilisimulia kwamba njiwa na mbwa wa maeneo hayo walikuwa wametangulia kufa. Wanyama walikuwa wametoa onyo, ila hapakuwa na wa kulisoma. Mwaka wa 2004 maafa yakarudi, hasa Makueni na Kitui: watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Na hata nchi tajiri hazikuponyoka. Nchini Marekani, mwishoni mwa mwaka wa 2005, zaidi ya mbwa 100 walikufa baada ya kulishwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya safari yetu ni hii: nafaka ambayo hungempa mtoto wako, usimpe mbwa. Nunua mahindi makavu yasiyo na madoa ya kijani, kijivu au nyeusi. Punje ikiumwa kwa jino ivunjike kwa sauti, isibonyee. Ukifika nyumbani, usiweke gunia sakafuni. Liweke juu ya mbao, mahali panapopita hewa. Kama unaona mahindi ni taabu, mchele uliovunjika ni msaada mkubwa. Ni wa bei nafuu kuliko mchele mzima, huiva haraka, na tumbo la mbwa haligombani nao.

GIKOMBA: MLIMA WA OMENA

Kutoka Nyamakima, telemka kwa miguu hadi Gikomba. Shika mkoba wako vizuri, pita kando ya nguo za mitumba, ufuate harufu. Pua itakuongoza hadi kwa wauza samaki, na hapo utaona omena wamerundikwa juu ya magunia kama vilima vya fedha.

Omena, ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa na wale wa Uganda huwaita mukene, hutoka Ziwa Victoria. Kwa mwenye mbwa na mfuko mwembamba, samaki huyu mdogo ni neema. Analiwa mzima, kichwa, matumbo na mifupa yake laini. Kwa hivyo humpa mbwa protini, mafuta mazuri ya ngozi, na kalsiamu ya kujengea mifupa, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana hata watengenezaji wa vyakula vya kuku humgombania.

Hata hivyo, nunua kwa macho mawili. Omena wengi huanikwa ufuoni, juu ya mchanga au nyavu kuukuu. Chota konzi moja, usugue kwa viganja, halafu angalia kilichobaki mkononi. Ukiona mchanga umejaa, nenda kwa muuzaji wa pili, maana hapo unapimiwa ufuo wa ziwa kwa bei ya samaki. Omena bora ni mkavu, anang'aa, ana harufu ya samaki wala si ya uvundo. Yule aliyegeuka rangi ya kutu na kunata vidoleni amekwisha kuharibika mafuta yake.

Ukifika nyumbani mwoshe kwa maji moto mara mbili au tatu, mchanga utuame chini, kisha umchemshe. Usimkaangie mafuta mengi wala usimtie chumvi na kitunguu kama unavyofanya wa jioni wa familia. Sababu ya kitunguu utaiona mbele.

BURMA: NYAMA, MATUMBO NA HATARI ILIYOFICHIKA

Kutoka Gikomba elekea Barabara ya Jogoo hadi soko la Burma, jina linalowakumbusha wengi askari wa King's African Rifles waliopelekwa kupigana huko Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Hapa ndipo jiji hununua nyama kwa wingi. Shoka linapanda na kushuka juu ya gogo, vichwa vya ng'ombe vimepangwa mstari, kwato ziko kando, na supu inachemka tangu usiku.

Mwenye kulisha mbwa hahitaji steki. Sehemu ambazo watu hawazing'ang'anii ndizo zenye faida kwake: moyo, mapafu, wengu, nyama ya kichwa, utumbo, vichwa na shingo za kuku. Moyo ni nyama safi isiyo na mafuta mengi. Mapafu ni mepesi na bei yake ni nafuu, ingawa hayashibishi kama moyo. Maini yana vitamini A tele, na kwa sababu hiyo hiyo yasizidi. Vipande vichache mara moja au mbili kwa wiki vinatosha, kwani vitamini hiyo ikirundikana mwilini hudhuru mifupa.

Sasa tege sikio. Katika masoko na bucha nyingi hutajiwa "nyama ya mbwa". Uliza imetoka wapi. Nyama iliyokaguliwa hupigwa muhuri machinjioni. Kile ambacho mkaguzi alikikataa hakikukataliwa kwa sababu ya sura mbaya, kilikataliwa kwa sababu kina ugonjwa. Na ugonjwa huo unaweza kupita kwa mbwa ukamfikia mtoto.

Hebu tueleze. Kuna tegu mdogo sana, urefu wake ni milimita chache tu, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Mbuzi, kondoo au ng'ombe akila majani yenye mayai hayo, hupata vifuko vyenye maji katika maini na mapafu. Mbwa akitupiwa maini au mapafu hayo yakiwa mabichi, anapata tegu upya, na mzunguko unaendelea. Mtoto anayemkumbatia mbwa huyo, kisha akashika mkate bila kunawa, anaweza kuyameza mayai hayo. Vifuko hukua mwilini mwake polepole, miaka na mikaka, hadi siku ambapo tumbo linavimba na daktari anasema lazima apasuliwe.

Jimbo la Turkana lilijulikana ulimwenguni kwa kuwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi wa maradhi haya, hata shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kupambana nayo mwaka wa 1983. Lakini tegu hajui mipaka ya jimbo. Anasafiri na mifugo hadi machinjioni, na kutoka machinjioni hadi kwenye bakuli la mbwa wako.

Kinga yake ni rahisi: moto. Chemsha nyama yote ya ndani mpaka iive kabisa. Ukiona kifuko chenye maji kwenye ini au pafu, usilitupe jalalani ambako mbwa wa mtaa wataliokota. Lichome moto au ulifukie kwenye shimo refu. Na mbwa apewe dawa ya minyoo kama daktari atakavyoelekeza.

Kuna na jambo la mifupa. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba mbwa na mfupa ni ndugu. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku na wa mbuzi, hukauka na kuvunjika vipande vyenye ncha kama sindano, navyo huweza kutoboa utumbo. Ukinunua vichwa na shingo za kuku, vichemshe mpaka mifupa ipondeke kwa vidole, au uitoe kabisa kabla ya kumwandalia.

SUPAMAKETI: SOMA NYUMA YA MFUKO

Rudi katikati ya jiji uingie supamaketi yoyote kubwa. Baada ya jua na vumbi, hapa ni baridi na taa zinameremeta. Mifuko ya chakula cha mbwa imepangwa rafu nzima, mingine imetengenezwa papa hapa Kenya, mingine imetoka Afrika Kusini na Ulaya.

Biashara hii ilianza karne ya kumi na tisa kwa Mmarekani mmoja aitwaye James Spratt. Inasimuliwa kwamba alikwenda Uingereza kwa shughuli nyingine, akaona mbwa bandarini wakishindania biskuti ngumu za mabaharia. Akapata wazo. Mnamo miaka ya 1860 akaanza kuuza biskuti za mbwa mjini London. Tangu hapo matangazo hayajanyamaza, na ndiyo maana huna budi kuugeuza mfuko ukasoma upande wa nyuma.

Tafuta mambo matano. La kwanza, tarehe ya mwisho ya kutumiwa, pamoja na hali ya mfuko: usiwe umetoboka wala kushonwa upya. La pili, maelezo kwamba ni chakula kamili, chenye virutubisho vyote, na ni cha mbwa wa umri gani. Kama kimeandikwa ni cha nyongeza au cha kuonjeshea tu, hakiwezi kuwa mlo wake wa kila siku. La tatu, orodha ya vilivyomo. Vitu hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. La nne, kiasi cha protini na mafuta. Rudi kwenye daftari lako ulinganishe. La tano, jina na anwani ya mtengenezaji, na alama ya ubora ya shirika la KEBS.

Wanafunzi, hii hapa hesabu yenu. Mkebe wa chakula laini umeandikwa protini asilimia 8 na maji asilimia 78. Mfuko wa chakula kikavu umeandikwa protini asilimia 20 na maji asilimia 10. Kipi kina protini zaidi? Usikimbilie kusema mfuko. Ondoa maji kwanza. Katika mkebe, yakitoka maji 78, hubaki 22. Chukua 8 ugawe kwa 22, utapata takriban asilimia 36. Katika mfuko hubaki 90. 20 ukigawa kwa 90 ni takriban asilimia 22. Kumbe mkebe umeshinda! Lakini sehemu kubwa ya uzito uliolipia ni maji, kwa hivyo mbwa mkubwa atakufilisi kwa mikebe. Mwenye hekima hupima vyote viwili.

Jihadhari pia na chakula kinachouzwa kwa kupimiwa kutoka gunia lililo wazi. Bei yake hupendeza, lakini huwezi kujua tarehe yake, wala kama panya walilala humo. Na tafadhali usimpe mbwa chakula cha kuku wala cha ng'ombe kwa sababu tu kina harufu ya samaki. Kilichanganywa kwa ajili ya tumbo jingine.

WANGIGE: MAGANDA YASIYOTUPWA

Baada ya chakula cha mchana panda matatu ya kwenda Wangige, katika Kaunti ya Kiambu. Hewa inabadilika, mashamba yanaanza kuonekana, na sokoni utakuta trei za mayai zimepandana hadi kimo cha mtu. Hili ni soko linalojulikana kwa mayai.

Yai ni miongoni mwa protini bora zaidi ambazo mbwa anaweza kupata. Uliza mayai yaliyopata ufa kidogo njiani. Huuzwa kwa bei ya chini na ni mazuri kama yale mengine, mradi yawe ya siku hiyo na uyapike upesi. Lakini kilichotuleta hapa zaidi ni ganda.

Nyama ina kalsiamu kidogo mno. Ugali vilevile. Mtoto wa mbwa, hasa wa zile jamii kubwa kama mbwa wa polisi, akilishwa nyama na ugali peke yake, mwili wake huanza kuiba kalsiamu kutoka mifupani mwake. Utamwona amekuwa na matege, anachechemea, analia akiguswa, na mfupa unaweza kuvunjika kwa kuruka ngazi moja tu. Watu husema amerogwa au ameanguka. Hakuanguka, amekosa kalsiamu.

Kwa mbwa mzima, osha maganda, yaanike, yakaushe motoni kidogo, uyasage yawe unga laini kama poda. Nusu kijiko cha chai cha unga huo katika kila nusu kilo ya chakula cha kupika nyumbani kinatosha. Kwa mtoto wa mbwa mkubwa usikisie, kwani kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa inayokua. Huyo ni heri apewe chakula kamili cha watoto wa mbwa hadi atimize mwaka mmoja au zaidi, au daktari akupangie. Okoa pesa kwingine, lakini si katika miezi yake ya kwanza.

KABETE: WANAOJUA

Ukirudi mjini, pitia Kabete. Jina hili ni kubwa katika historia ya tiba ya wanyama. Ni katika maabara ya Kabete ambako watafiti walieleza kwa mara ya kwanza homa ya nguruwe ya Afrika mwaka wa 1921, na homa ya Bonde la Ufa mwaka wa 1931. Na ni hapa, katika kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako madaktari wa mifugo wa nchi hii husomea. Miti ni mikubwa, kumetulia, na huenda ukapishana na wanafunzi waliovaa magwanda na mabuti ya mpira.

Kwa nini tuje kwa daktari katika safari ya chakula? Kwa sababu chakula bora hakimfai mbwa mwenye minyoo, unamlisha minyoo. Kwa sababu mbwa mzee mwenye figo dhaifu hahitaji mlo wa kijana. Na kwa sababu mbwa ambaye hajachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa ni hatari hata akila asali. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka.

Daktari atakufundisha pia mizani isiyogharimu hata senti. Weka viganja ubavuni mwa mbwa. Mbavu zikigusika kwa urahisi chini ya ngozi bila kuonekana kwa mbali, yuko sawa. Zikionekana kama ubao wa kufulia nguo, amekonda. Ukizitafuta usizipate, amenona kupita kiasi, na unene humletea maumivu ya viungo na kisukari kama sisi. Mtazame kwa juu: awe na kiuno.

NYUMBANI: JIKO, SUFURIA NA VIPIMO

Sasa kikapu kimejaa. Usiku umeingia, na sufuria iko motoni. Kwa mbwa mzima mwenye afya, pima vikombe viwili vya nyama au omena waliochemshwa, vikombe viwili vya wali au ugali laini, na kikombe kimoja cha mboga: karoti, malenge au sukumawiki iliyokatwa ndogo na kuiva. Ongeza kijiko cha mezani cha mafuta ya kupikia na unga wa maganda ya mayai kama tulivyosema, ila ukitumia omena wazima kwa wingi, ganda lipunguzwe. Yai moja la kuchemsha mara mbili tatu kwa wiki. Usitie chumvi. Kwa kuwa mlo wa nyumbani huweza kupungukiwa na madini madogo madogo, muulize daktari kuhusu unga wa vitamini na madini uuzwao katika maduka ya dawa za mifugo. Wengi huchanganya mambo: asubuhi chakula cha mfuko, jioni cha sufuria. Hilo si kosa.

Kiasi je? Mbwa mzima wa kilo 20 huhitaji takriban kalori 1,000 kwa siku. Gramu 100 za chakula kikavu cha mfuko huwa na kalori 350 hivi. Kwa hivyo gramu 300 kwa siku zinamtosha, zikigawanywa asubuhi na jioni. Anayekimbia usiku kucha ataongezewa. Anayefungwa siku nzima atapunguziwa. Mtoto wa mbwa ale mara tatu au nne kwa siku hadi afikishe miezi sita. Na maji safi yawepo saa zote, si yale ya kijani yaliyomo kwenye karai tangu wiki iliyopita.

Usimbadilishie chakula kwa ghafla. Changanya kidogo cha kipya katika kile cha zamani, ukiongeza siku baada ya siku kwa muda wa siku saba hadi kumi, la sivyo ataharisha na utakilaumu chakula kisicho na hatia.

Hatimaye, bandika orodha hii jikoni ili kila mtu aisome, pamoja na wageni na yaya. Mbwa asipewe kitunguu wala kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, kwani huharibu chembe zake za damu. Ndiyo sababu mchuzi wetu haumfai. Asipewe chokoleti. Asipewe zabibu mbichi wala kavu. Asipewe njugu za makadamia, na hili liwahusu hasa wenye jamaa Murang'a, Embu na Meru ambako miti hiyo imejaa mashambani. Asionjeshwe pombe, hata kama wajomba wanacheka. Chingamu na peremende zisizo na sukari, ambazo hutiwa utamu uitwao zailitoli, huweza kumuua kwa saa chache. Kokwa la parachichi au la embe humziba utumbo. Maziwa si sumu, lakini mbwa wazima wengi huwaharisha.

Haya yote hayahitaji utajiri. Mwenye kununua omena, moyo wa ng'ombe na mchele uliovunjika anaweza kumlisha mbwa wake vizuri kuliko mwenye kununua mfuko wa bei ghali bila kuusoma. Kinachohitajika ni kufikiri kidogo kabla ya kumimina. Mbwa hawezi kwenda Nyamakima kuchagua nafaka, wala hawezi kusoma tarehe kwenye mfuko. Atakula utakachompa, ashukuru kwa mkia, kisha aende akalale mlangoni pako, mahali ambapo watoto wako watapita kesho asubuhi wakienda shule.